Kisigino cha Yaya Dafroza

Mwezi uliopita mjukuu wangu alivunjika mkono akicheza mpira. Walipomrudisha kutoka hospitali, mkono ukiwa ndani ya platri mbichi, niliisikia harufu kabla sijamwona mtoto mwenyewe. Platri ni ile bendeji yenye unga mweupe ambayo huloweshwa maji, ikazungushwa kwenye mfupa uliovunjika, ikakauka na kuwa ngumu kama ukuta. Inanuka chokaa na udongo ulionyeshewa. Wengine hawaisikii kabisa. Mimi ilinitoa nje, nikakaa uani mpaka chai niliyoiacha mezani ikapoa. Binti yangu alikuja kuniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia siumwi, nimemkumbuka tu shangazi yake mkubwa ambaye hakuwahi kumjua vizuri. Akangoja nimsimulie, nikashindwa. Ninawaandikia ninyi wa rika langu, mliokulia kando ya ziwa hili Wazungu wangali wakitawala, kwa sababu kwenu sitalazimika kueleza mengi.

Tuliishi upande wa juu wa Uvira, pale nyumba zinapoanza kuupanda mlima. Baba alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Kalundu. Alibeba chumvi, saruji, na pamba iliyoshuka kutoka bonde la Ruzizi, na bega lake la kulia lilikuwa na sugu nene kama soli ya kiatu. Aliporudi jioni na kuvua shati, sisi watoto tuliruhusiwa kuifinya sugu ile na kuikwaruza kwa kucha, naye akicheka kwa kuwa hakusikia kitu. Mama naye alikuwa na alama yake. Wanawake wa kwetu hubeba kuni na mihogo mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, na kamba ile ilikuwa imemwachia mama mstari mpana, laini, unaong'aa, ambapo nywele hazikuota tena.

"Ngozi inajifunza," baba alizoea kusema. "Mwanzo inalia. Kisha inanyamaza. Ikinyamaza ujue imejifunza."

Hakuwa mtu mkali. Alikuwa anasema kile ambacho mwili wake ulimfundisha. Alipoanza kazi bandarini bega lake lilichubuka likatoa damu wiki nyingi, mama akawa analipaka mawese yaliyopashwa moto, hata siku moja damu ikakoma na pakawa pagumu. Ukiwa mtoto katika nyumba ya namna hiyo, unakua ukijua kwamba maumivu ni mlango tu, na kwamba upande wa pili kuna utulivu.

Dafroza alikuwa kifungua mimba. Kwetu aliyekutangulia kuzaliwa unamwita yaya, nami sikuwahi kumwita kwa jina tupu. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko kilichoanzia puani, na alikuwa amechumbiwa na kijana mmoja wa Kiringye aitwaye Melkiori, mkulima wa pamba. Ng'ombe walikuwa wameshakubaliwa. Harusi ingefungwa baada ya mavuno. Mimi nililala naye mkeka mmoja, nikifunika miguu yangu ya baridi kwa miguu yake, na jambo lililonisumbua kuhusu harusi ile ni kwamba sikujua nitalala na nani.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha alipokwenda mlimani na wanawake wenzake kutafuta kuni. Walipokuwa wanashuka aliteleza. Mzigo ulimvuta kichwa nyuma kwa ile kamba ya kwenye paji, mguu wake wa kushoto ukabaki kati ya mawe mawili, na mwili ukaenda bila mguu. Walimleta wamembeba kama mtoto. Nilipouona ule mguu, katikati ya goti na kifundo, ulikuwa na pembe mahali pasipo na kiungo. Hakuwa analia. Aliuliza tu kama kuni zake zimeletwa.

Hospitalini daktari Mzungu aliunyoosha mfupa na kuufunga platri kuanzia chini ya goti hadi kwenye vidole. Muuguzi aliyetueleza mambo alikuwa Mwafrika, Bwana Gaspari, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Sote tulimsikiliza kama padri.

"Musiguse platri," alisema. "Isilowe maji. Na kila asubui muangalie vidole. Vikikuwa baridi ao vikibadilika rangi, mumurudishe mbio. Kama viko na joto, kila kitu iko sawa."

Mvua ilikuwa inakuja na vitanda vilikuwa vimejaa. Baba na wenzake wa bandarini wakamchukua Dafroza siku ileile, wakamlaza kwenye kipoyi, kile kitanda cha miti kinachobebwa mabegani. Platri ilikuwa bado mbichi ndani, ingawa kwa nje tuliiona ngumu. Mguu waliulaza juu ya mti wa mwisho wa kipoyi, kisigino kikiwa juu ya mti wenyewe, na njia yote ya kupanda kwetu, kila wabebaji walipokanyaga, kisigino kilikuwa kinagonga pale. Nilitembea nyuma nikiutazama mguu mweupe ukirukaruka. Niliuona mzuri.

Kesho yake, platri ilipokauka kabisa, niligundua kibonde nyuma ya kisigino. Kilikuwa laini, chenye ukubwa wa kidole gumba. Niliamini ni alama ya daktari, kwamba kila daktari humaliza kazi yake kwa kubonyeza kidole, kama wafinyanzi wa kwetu wanavyoweka alama zao kwenye shingo ya chungu. Nilipenda kuingiza kidole changu mle. Kiliingia barabara.

Kazi ya kuangalia vidole nilipewa mimi, kwa sababu niliamka mapema na sikuwa na kazi nyingine ya maana. Kila asubuhi, kabla baba hajashuka Kalundu, nilivishika vidole vya yaya kimoja kimoja.

"Viko na joto?" baba aliuliza akiwa anafunga mshipi.

"Viko na joto, baba."

"Rangi?"

"Kama ya jana."

Basi alivaa kofia yake akaenda. Nilijiona mtu muhimu. Na ni kweli vidole vilikuwa na joto, ni kweli rangi haikubadilika. Mpaka leo nikivikumbuka, vilikuwa vidole vizima vya msichana mwenye afya.

Lakini Dafroza alianza kulalamika, tena si pale mfupa ulipovunjika.

"Baba, kisigino inawaka."

"Mufupa ulivunjika huku juu," baba alimwonyesha. "Kisigino iko muzima."

"Najua kwenye mufupa ulivunjika. Pale hapaumi sana. Inauma kisigino. Miye nasikia kama kuko kaa la moto mule ndani."

"Ni mufupa unaunga. Maumivu inatembea, mwanangu. Platri iko ngumu na ngozi yako iko laini. Vumilia. Itajifunza."

Mama alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Baadaye, baba alipokuwa kazini, aligeuza kinu juu chini, akakikunjia kikwembe chake cha kanisani, kitenge alichojifunga Jumapili, akauweka mguu juu yake ili upumzike. Alifanya kwa upendo wote aliokuwa nao. Kisigino kilikaa pale juu ya kinu asubuhi na mchana, uzito wote wa mguu na wa platri ukiegemea palepale kwenye kibonde changu.

Siku zile nyumba ilikuwa nzito. Dafroza alilia bila sauti, akiuma ncha ya shuka. Aliomba tumkate platri hata kidogo, hata tundu la kupitisha kijiti. Mama alikwenda kwa Bwana Gaspari peke yake kwa miguu, akarudi amelowa. Alikuwa ameambiwa kwamba watu wote hulalamika juu ya platri, na kwamba kama vidole viko sawa, angoje. Sijui kama alieleza vizuri. Mama alikuwa anaongea Kifuliiru nyumbani, na mbele ya watu wa hospitali Kiswahili chake kilikuwa kinakimbia.

Mimi nilimwombea. Nilikuwa nimeanza mafundisho ya komunyo, nikaamini kwamba Mungu huwasikia zaidi wanaojinyima kitu, basi nikaacha kula ndagala, dagaa wa ziwa letu, ambao niliwapenda kuliko chakula chochote. Nilimpa mama fungu langu nikisema nimeshiba.

Kisha siku moja Dafroza aliamka akasema hapaumi.

Tulimtazama. Aliguguna muhogo, akaomba mwingine. Mchana alicheka kicheko chake cha puani nilipomwigia jirani yetu anayepiga chafya. Jioni baba alirudi na samaki wakubwa wawili, mikeke wenye mafuta, na mama akawapika kwa mawese na sombe ya majani ya muhogo, tukala kama siku ya sikukuu. Baba alimshika Dafroza kichwani, akasema kwa sauti ya kuridhika, "Unaona, sasa." Hakuhitaji kumaliza. Nami nilirudi kula ndagala, nikijua kwamba mpango wangu na Mungu umekamilika.

Sijawahi tena kuona nyumba yenye furaha kama ile kwa sababu mbaya kama ile.

Harufu ilikuja taratibu. Mama alisema ni panya amekufa kwenye nyasi za paa. Baba alipanda akachokoa kwa fimbo, akashuka na vumbi tu. Tulihamisha vikapu, tukafagia chini ya mikeka, tukaanika ndagala mbali na ukuta. Dafroza ndiye aliyejua kwanza. Alianza kutaka mlango ubaki wazi, akaniagiza nimletee mchaichai, akausaga viganjani na kujipaka shingoni na mikononi. Nilidhani anajipamba kwa ajili ya ndugu za Melkiori, ambao walikuwa wametuma habari kwamba watakuja kumwona mgonjwa.

Alikuja shangazi wa Melkiori, Mama Koleta, mwanamke mnene aliyetembea kutoka barabarani akiwa na kibuyu cha maziwa. Mama alimkaribisha, akamwekea kiti karibu na mkeka. Mama Koleta aliketi, akamsalimia Dafroza kwa Kirundi, lugha ya kwao, akamuuliza habari za mguu.

"Hauumi tena, shangazi," Dafroza alisema.

Mama Koleta alikuwa anaangalia mguu. Nzi walikuwa wametua nyuma ya platri, pale kwenye kibonde, wengi, wakitembea polepole. Aliinama, akawafukuza kwa mkono, akasogeza uso. Kisha akainuka, akaweka ncha ya kikwembe puani.

"Mama Dafroza," alisema, "tangu siku gani mutoto hasikii maumivu?"

"Kuna siku nyingi kidogo. Mungu ametusaidia."

"Hapana." Hakupandisha sauti. "Huyu mutoto anaoza. Muite babake."

Dafroza aligeuza uso ukutani. Hakushangaa, na hilo ndilo nililoliona mimi. Mama alianza kusema kitu juu ya panya, akaacha katikati.

Walimrudisha hospitalini siku ileile, nami nikafuata nikiwa nimebeba bakuli lake na sahani, kwa hiyo nilikuwepo walipoikata platri. Bwana Gaspari alitumia mkasi mkubwa wenye mdomo mfupi. Platri ilipofunguka, hewa ya chumba ilibadilika hata mgonjwa wa kitanda cha jirani akatoka kwa magongo yake. Nilitazama kabla hawajanitoa. Mguu kwa juu ulikuwa umekonda na ngozi inabanduka kama ya kitunguu, lakini ulikuwa mguu. Kisigino kilikuwa cheusi. Si weusi wa ngozi yetu, bali weusi wa kitu kilichosahaulika motoni, kikavu pembeni na chenye majimaji katikati, na mle katikati mlikuwa na kitu cheupe ambacho sikukijua. Nilidhani kipande cha platri kimeingia ndani. Kilikuwa mfupa.

Bwana Gaspari alishika ile nusu ya platri iliyokatwa, akapitisha kidole kwa ndani. Kibonde kile nilichokijua kwa nje, kwa ndani kilikuwa kilima.

"Ilibonyea ingali mbichi," alimwambia baba. "Huku kuko platri, huku kuko mufupa. Nyama ilikuwa katikati, damu haikupata njia ya kupita."

"Lakini vidole vilikuwa na joto," baba alisema. "Tuliangalia kila siku."

"Vidole vinapata damu kwa njia ingine."

"Na maumivu iliisha. Alisema mwenyewe iliisha."

Bwana Gaspari aliiweka platri chini. "Nyama iliyo hai ndiyo inauma, baba. Ile ilinyamaza kwa sababu ilikuwa imekufa."

Baba alisimama hapo akiwa ameshika kofia. Alikuwa mtu mkubwa, na mlango wa chumba kile ulikuwa mdogo, nikamwona akitafuta mahali pa kuegemea bega lake na kukosa.

Walijaribu. Walikata nyama iliyokufa, wakaosha, wakampiga sindano za penisilini. Lakini uchafu ulikuwa umeshaingia mfupani, homa ikawa inapanda kila jioni, na mwishowe daktari alisema ni mguu au yeye. Walimkata chini ya goti. Watu wa Kiringye walikuja kwa adabu, wakazungumza na baba uani, wakaondoka. Mama Koleta peke yake aliingia ndani akakaa na Dafroza kwa muda mrefu. Sikusikia walichosema. Melkiori alioa msichana mwingine baada ya mavuno yaleyale.

Niseme mapema kwamba yaya aliishi. Alijifunza kushona kwa cherehani ya mkono kwa masista, akashona nguo za nusu ya mtaa wetu, hakuolewa, na alifariki akiwa mzee kunizidi nilivyo sasa. Kwapa zake zilichubuka na kupona na kuchubuka tena kwa ajili ya magongo, hadi mwisho. Lakini kile ninachotaka kuwaambia kilitokea miezi michache tu baada ya yeye kurudi nyumbani.

Alianza tena kulalamika. Kisigino kinawaka, alisema. Kisigino cha kushoto, kile ambacho hakikuwepo.

Mama alilia, akidhani akili imemtoka. Majirani walipunguza kuja. Baba alitoka asubuhi, akarudi jioni, na bega lake hatukuruhusiwa tena kulifinya.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Baba alikuwa ameuomba mguu hospitalini, wakampa ukiwa umefungwa kwa kitambaa, akauzika nyuma ya migomba yetu. Kwa kuwa mbwa walizurura huko, aliviringisha jiwe kubwa la mtoni akaliweka juu. Niliwaza jambo hili siku nyingi nikiwa nimelala kando ya yaya, nikisikia anavyonung'unika. Mguu ulikuwa mle chini, na jiwe lilikuwa juu yake. Ulikuwa unabanwa. Nani asingelia?

Basi asubuhi moja, baba akiwa hana kazi kwa kuwa meli haikuwa imefika, nilikwenda nyuma ya migomba, nikaanza kulisukuma lile jiwe. Halikutikisika. Nilichimba pembeni kwa mikono, nikalisukuma tena kwa mgongo, nikateleza, viganja vikachubuka. Nilipoinua kichwa, baba alikuwa amesimama ananitazama.

"Unafanya nini pale?"

"Jiwe linamubana," nilisema. "Kisigino ya yaya. Ndio maana inauma."

Nilingoja anichape, au anieleze, kama watu wazima wanavyoeleza. Aliangalia jiwe, kisha viganja vyangu.

"Sogea," alisema.

Aliinama, akaupitisha mkono wake chini ya jiwe, akalipandisha gotini, kutoka gotini mpaka begani. Nililiona likikaa kwenye ile sugu. Alitembea nalo kupita migomba, mimi nikimfuata, mpaka kwenye ukingo wa korongo linaloshusha maji ya mvua ziwani, akaliachilia. Tulilisikia likigonga chini mara kadhaa. Kisha alirudi, akakata matawi ya miiba akayapanga juu ya ule udongo, kwa upole, bila kuukandamiza. Alipomaliza alinisafisha viganja kwa maji ya mtungi, tukaingia ndani.

Dafroza alikuwa ameketi mkekani, mguu mmoja umenyooka. Baba aliketi upande wa pili, pale palipokuwa patupu.

"Kisigino?" aliuliza.

Dafroza alimgeukia. "Inawaka, baba."

"Inawaka wapi kabisa?"

Alinyoosha mkono akaonyesha mahali juu ya mkeka. "Hapa. Kwa nyuma, chini kidogo."

Baba akaweka kiganja chake kikubwa palepale, juu ya mkeka mtupu.

"Hapa?"

"Kidogo kwa huku."

Alikisogeza. "Ni kama moto, ao ni kama mwiba?"

"Kama moto. Asubui ni kama mwiba."

"Sema yote," baba alisema.

Dafroza akamwambia yote, tangu siku ile ya kipoyi, naye baba akabaki ameinama hapo, kiganja mkekani, mpaka alipomaliza.